Nilicheza gofu jangwani, nikaelewa kwa nini Dubai tunayouziwa si Dubai yenyewe

NILIPOTEZA mipira saba katika mashimo tisa. Shimo moja lilinichukua mikwaju 11, na wenye mchezo wanasema lilihitaji minne tu. Lakini ile jioni ndiyo ilinifunza mambo ya Ghuba kuliko hotuba zote za wanasiasa ambazo nimewahi kusikiza.

Wacha nieleze nilifikaje huko, maana najua unajiuliza msee aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo anafanya nini kwenye uwanja wa gofu.

Nilikuwa bawabu wa bohari huko Dubai kwa miezi 14. Jamaa yangu wa mtaani, tuliyekua naye huku Nairobi, alikuwa ameenda mwaka mmoja kabla yangu. Hapa nyumbani alikuwa akibebea matajiri mifuko ya gofu tangu atoke shule. Kule aliangukia kazi ya kutunza nyasi katika klabu moja ambayo sitaitaja. Mwezi wa sita joto likizidi digrii 40, wenye pesa wanakimbilia Ulaya na uwanja unabaki mtupu. Wakati huo klabu yao huwaruhusu wafanyakazi kucheza mashimo machache jioni, na unaweza kwenda na rafiki.

Basi saa kumi na moja na nusu jioni nikajipata nimesimama juu ya kilima cha mchanga, fimbo ya kuazima mkononi, jasho likinitoka hadi kwa vifundo vya miguu. Mbele yangu hapakuwa na uwanja jinsi ninavyoujua wa Muthaiga au Karen, ule wa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na kisiwa kidogo cha nyasi pale niliposimama. Halafu mchanga mtupu. Halafu kisiwa kingine mbali kule. Halafu mchanga tena, na mwisho kabisa kieneo cha nyasi fupi chenye bendera.

"Usiangalie bendera," jamaa akaniambia. "Angalia pale mpira utaanguka kwanza."

Sikumsikiza. Niliangalia bendera. Mpira ukaenda mchangani.

Huo ndio ugumu wa gofu ya jangwani. Kwenye uwanja wa kawaida, ukikosea kidogo mpira unaanguka kwenye nyasi ndefu, unatafuta, unaendelea. Jangwani hakuna kukosea kidogo. Nje ya nyasi kuna changarawe, vichaka vya miiba na mchanga laini unaomeza mpira hadi nusu. Hewa yenye joto ni nyepesi, kwa hivyo mpira unaenda mbali kuliko ulivyopanga. Jioni upepo unavuma kutoka baharini na kuusukuma pembeni. Macho nayo yanakudanganya, kwani mahali ambapo hakuna miti mingi umbali unaonekana mfupi.

Lakini wacha niseme ukweli, ni pazuri ajabu. Jua lilipoanza kuzama, mchanga uligeuka rangi ya machungwa, kisha rangi ya shaba. Miti michache ya mghafu ilisimama kama wazee wa kijiji. Upande wa pili, maghorofa yakaanza kuwasha taa. Nilipiga picha kumi. Nikaituma moja kwa kikundi chetu cha WhatsApp na watu wakasema nimeomoka.

Sikuwa nimeomoka. Nilikuwa na deni. Nitalifikia.

Kwanza, historia kidogo. Kabla ya 1988 waliocheza gofu sehemu hizo za Ghuba walicheza kwenye mchanga. Mahali pa bendera palikuwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili ushikamane, na mchezaji alibeba kipande cha zulia la nyasi bandia cha kuwekea mpira. Mwaka huo wa 1988 Emirates Golf Club ilifunguliwa Dubai, na uwanja wake wa Majlis ukawa wa kwanza wa nyasi tupu katika Mashariki ya Kati. Jengo la klabu lilichorwa kwa umbo la mahema ya Mabedui. Mwaka uliofuata wakaanzisha mashindano ya Dubai Desert Classic.

Hata mabingwa huadhibiwa pale. Mwaka 2001 Tiger Woods, akiwa kileleni mwa mchezo huu duniani, alitumbukiza mpira majini kwenye shimo la 18 na Thomas Bjørn wa Denmark akaondoka na taji. Rory McIlroy, aliyeshinda huko kwa mara ya nne mwaka 2024, alipata ushindi wake wa kwanza kama mchezaji wa kulipwa kwenye uwanja huohuo, mwaka 2009. Picha maarufu zaidi hupigwa shimo la nane, mchezaji akiwa pahali pa kuanzia na maghorofa marefu nyuma yake. Umeiona hiyo picha, hata kama hujui gofu. Ni tangazo la mji mzima.

Sasa, swali ambalo picha haijibu: hizo nyasi zinakunywa nini?

Dubai haina mto wa kudumu. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 150. Maji ya kunywa yanatoka baharini, yanaondolewa chumvi kwenye mitambo inayokula umeme mwingi. Ya kumwagilia nyasi na bustani, sehemu kubwa ni maji taka yaliyosafishwa. Ndiyo, umesoma vizuri. Maji yaliyotoka vyooni na jikoni yanapelekwa kwenye mitambo kama ile ya Al Awir na Jebel Ali, yanasafishwa, yanarudi kwa mabomba kuja kulisha nyasi.

Jamaa yangu alinionyesha chini ya zile nyasi. Ukichimba kidogo unakuta mchanga, halafu mabomba kila upande. "Hili si shamba," aliniambia. "Hii ni mashine. Ukizima siku tatu mwezi wa nane, imekufa." Majira ya baridi wanapanda aina nyingine ya nyasi juu ya ile ya kiangazi ili watalii wa Januari wakute kijani. Zamu yake inaanza saa kumi alfajiri, ndiyo nyasi ziwe zimekatwa kabla mchezaji wa kwanza hajafika.

Si Dubai pekee inayoumiza kichwa na haya mambo. Kule Marekani, jimbo la Nevada lilipitisha sheria mwaka 2021 inayolazimisha nyasi za mapambo eneo la Las Vegas ziondolewe, kwa sababu kuanzia 2027 hazitaruhusiwa kutumia maji ya mto Colorado. Viwanja vya gofu havikuguswa na marufuku hiyo, ila navyo vina kiwango cha maji visichofaa kuvuka. Kwa hivyo hata tajiri akiwa jangwani lazima apige hesabu ya maji.

Ndio maana nacheka kidogo, halafu naacha kucheka, kila nikisikia mwanasiasa wetu akisema gavana fulani atageuza kaunti iwe Dubai. Wanatuonyesha kile kijani. Hawatuonyeshi bomba. Nairobi tuna mvua, tuna mito, tuna bwawa la Ndakaini, na bado mtaani kwetu maji yanakuja kwa ratiba, na yasipokuja unanunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa 1906, na ukisimama hapo unaona mabati ya Kibera ng'ambo ya ua. Sisemi klabu ndiyo imekausha mifereji ya Kibera. Nasema kijani kipo Nairobi pia, kilichokosekana ni mtu wa kuamua kwamba maji machafu ya mji huu ni mali, yakusanywe na yasafishwe, badala ya kuachwa yateremke mtoni hadi yawe shida ya watu wa chini.

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya bomba. Sehemu ya pili ni watu.

Serikali imekuwa ikitusukuma twende ng'ambo kupitia kampeni ya Kazi Majuu. Naelewa sababu. Pesa walizotuma Wakenya walio nje mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Milki za Kiarabu. Hata gofu yetu imefungwa na Dubai. Kenya Open, iliyoanza 1967, leo iko kwenye ziara inayoitwa DP World Tour, jina la kampuni ya bandari ya Dubai. Mwaka 2025 zawadi za Kenya Open zilikuwa dola milioni 2.5, na za Dubai Desert Classic dola milioni 9. Ziara ni ile ile, pesa ndizo tofauti.

Kwa hivyo sisemi watu wasiende. Mimi nilienda. Nasema twende tukijua.

Jamaa yangu alilipa ajenti Sh180,000. Nusu ilikuwa mkopo wa chama cha mamake. Aliahidiwa kazi ya kubeba mifuko, ile anayoijua, yenye bakshishi kila siku. Alipofika, mkataba alioupewa ulisema kutunza nyasi, na mshahara ulikuwa chini ya ule alioambiwa Nairobi. Angefanya nini? Arudi kwa mamake na deni la chama? Alisaini. Ilimchukua miezi minane kulipa lile deni. Kwa hiyo miezi minane alikuwa akikata nyasi bure, ukipiga hesabu vizuri.

Langu lilikuwa dogo kuliko lake, lakini nalo lilinila nusu mwaka.

Kinachouma ni hiki: sheria ya kazi ya UAE ya 2021 inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hakuna aliyetuambia. Sheria huko pia inakataza kazi za nje juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Hiyo tuliijua kwa sababu huko imebandikwa ukutani. Ile ya ada haikuwa imebandikwa ukuta wowote Nairobi.

Nilimuuliza jamaa kama anajuta. Akanyamaza, akapiga mpira wake, ukatua katikati ya kisiwa cha nyasi kama ameuweka kwa mkono. Kisha akasema dadake yuko kidato cha tatu na karo imelipwa. "Sijuti kuja," akasema. "Najuta kuja kama kipofu."

Na kuna jambo moja ambalo serikali ingelifanyia kazi kama kweli inataka mikataba hii itufae. Huyu msee leo anajua kurekebisha mfumo wa kumwagilia, anajua chumvi ikizidi kwenye udongo nyasi zinageuka rangi gani, anajua mbolea gani na wakati gani. Huo ni ujuzi. Turkana, Garissa, Isiolo wangeutaka kwa mashamba, si kwa gofu. Lakini hana cheti hata kimoja kinachousema. Akirudi kesho, kwenye wasifu wake ataandika "kibarua". Wenye kusaini mikataba waulize kuhusu hilo pia: nani atampa kijana karatasi ya alichojifunza?

Naandika haya kwa sababu binamu yangu mdogo, miaka 21, alinipigia simu juzi. Anataka nimwongezee Sh50,000 amalizie ya ajenti. Ameonyeshwa picha. Unajua picha gani: nyasi, mchanga, maghorofa. Inawezekana kabisa ni moja ya zile kumi nilizopiga mimi, maana zilisambaa.

Sijamkatalia. Nimemwambia aniletee vitu vitatu kwanza. Moja, athibitishe kwamba hilo shirika lina leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mbili, nataka kuona mkataba wenye jina la mwajiri mwenyewe, kazi yenyewe na mshahara, kabla ya kulipa chochote. Tatu, amuulize ajenti hizo pesa ni za nini hasa, moja baada ya nyingine, na apewe risiti. Kama ajenti atakasirika kwa hayo maswali, basi jibu tumelipata bila kutumia hata shilingi.

Binamu alinuna. Alisema mimi nilienda, nikapiga picha, sasa namfungia mlango.

Nikamwelezea lile shimo lililonichukua mikwaju 11. Nilipiga nikiangalia bendera mara tatu mfululizo, mara tatu nikazikwa mchangani. Mkwaju wa nne ndio nilimsikiza jamaa, nikalenga kile kisiwa cha karibu, nikafika. Mikwaju mingine yote ilikuwa ya kulipa madeni ya ile mitatu ya kwanza.

Alinyamaza kwa simu kidogo. Kisha akauliza, "Hiyo leseni naiangalia wapi?"