KONA YA MICHEZO: Mister aliyefukuzwa na vita

 Jioni watoto wakicheza mpira utasikia wanaita: "Kocha! Kocha!" Huko Italia mpaka leo wachezaji wanamwita kocha wao "Mister". Inasemekana neno hilo lilianza na Mwingereza mmoja, William Garbutt.

Garbutt alizaliwa mwaka 1883. Alicheza Woolwich Arsenal na Blackburn Rovers, halafu akaumia, kucheza kukaisha. Mwaka 1912, akiwa na miaka 29, alienda kufundisha ekipe ya Genoa, mji wa bandari huko Italia. Alileta nidhamu na mazoezi ya mwili na ya mpira. Mwaka 1915 vita vilikatiza shampiona Genoa ikiwa mbele, na baada ya vita ikapewa kombe. Ilishinda tena 1923 na 1924.

Mwaka 1936 aliipa Athletic Bilbao ubingwa wa Hispania. Miezi michache tu, vita vikaanza na huko, basi akarudi Italia. Kumbe mabaya yalikuwa mbele. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani na Uingereza. Mtu aliyefurahisha watu miaka yote ile akahesabiwa adui, juu ya karatasi zake tu! Alikamatwa, akahamishwa mbali na Genoa pamoja na mke wake Anna. Mwaka 1944 bomu lilimuua Anna.

Sisi tuliokimbia tunajua uchungu huo. Lakini sikilizeni: vita vilipoisha, Garbutt alirudi Genoa, akafundisha tena ekipe yake ile ile mpaka 1948. Alifariki Uingereza mwaka 1964.

Vita vilimnyang'anya kazi, nyumba na mke. Yale aliyowafundisha vijana havikuweza kuyachukua.

Ndugu zangu, kati yetu kuna waliokuwa makocha, walimu, mafundi cherehani na maseremala kule nyumbani. Wengi wanasema: "Ningojee kwanza karatasi, ningojee kurudi." Miaka inapita, na watoto wanakua bila kujua kile ulicho nacho. Usingojee. Jioni moja kwa wiki inatosha kuanza, hata kama mpira ni wa matambara.

Na wewe mama, baba, mtoto akiomba ruhusa ya kwenda mazoezi, muulize kwanza masomo. Akiwa amemaliza, mwache aende.

Tuonane mwezi ujao.