Pikipiki ya Askari na Woga Wetu

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike: vijana wetu walioko Marekani wanaonunua pikipiki kuukuu za polisi hawanunui usafiri. Wananunua ule woga waliokuwa nao wenyewe, ili sasa wawatwishe wengine.

Nilimsindikiza rafiki yangu mnadani, California. Uwanjani palikuwa na Kawasaki KZ1000P, ile iliyotengenezwa Lincoln, Nebraska, toka 1982 mpaka 2005. Nyeupe, kioo kikubwa mbele, kiti cha mtu mmoja. Jamaa macho yakamtoka. Huyu ni mtu ambaye kule kwetu akisikia karandinga tu, anaruka ukuta! Leo anapapasa tangi na kuniambia, "Mwanangu, nikipita na hii, magari yote yanapunguza mwendo."

Nikamuuliza: na siku askari wa kweli atakapokusimamisha, wewe mweusi, juu ya pikipiki inayofanana na yake? Akacheka. Mimi sikucheka.

"Lakini imetembea maili chache," akasema. Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Kipimo cha maili kinahesabu gurudumu, hakihesabu injini. Askari anaegesha kando ya barabara, anaandika faini, taa zinawaka, redio inaongea, injini inanguruma palepale. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, saa moja ya kusimama ni mizunguko 60,000, na kipimo hakijasogea hata kidogo. Tena injini ya KZ inapozwa na upepo. Upepo gani, bwana, na umesimama juani? Muuzaji atakwambia eti ilihudumiwa vizuri kwa fedha za serikali. Inawezekana kabisa, basi atoe daftari la matengenezo! Halafu inama utazame nyaya: mara nyingi waliponyofoa king'ora na redio walikata kwa koleo, wakazungushia utepe, wakaenda zao. Na vile vyuma vya kukinga injini vimechubuka kushoto na kulia, maana mazoezi ya kukata kona polepole huangusha nyingi.

Mashine yenyewe siigombi. Silinda nne, imara, na fundi aliyezoea Kawasaki za miaka ya 1970 anaielewa. Anayeitaka kwa safari zake aichukue, aipake kijani, zambarau, hata rangi ya ndizi mbivu. Ninachogombea ni nyeupe kubaki nyeupe.

Aliinunua. Nyeupe vilevile. Juzi kanipigia simu: mama mmoja, mweusi mwenzetu, na watoto nyuma ya gari, alipomwona kwenye kioo akaegesha kando, mikono yote miwili juu ya usukani, akisubiri. Yeye akampita tu. Ananihadithia huku anacheka, jamani. Nikamwambia asinipigie tena mpaka aipake rangi.

Hajapiga.