Uwanja wa Mtaa Usigeuzwe Kiwanja

Miongoni mwa mambo yanayohitaji kutazamwa kwa haraka na Serikali, pamoja na sisi wananchi wenyewe, ni kutoweka kwa nafasi za wazi katika vitongoji vinavyouzunguka mji wa Zanzibar. Kuanzia Mtoni na Kianga, kupitia Welezo na Magogoni, hadi Fuoni, Tomondo na Kwarara, nyumba zimesogeleana hadi zinakaribia kugusana. Mahali pa mtoto kucheza, pa mzee kupumzika kivulini na pa mtaa kukusanyikia katika furaha na msiba panapungua mwaka hadi mwaka.

Sababu yake haikujificha. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia Mkoa wa Mjini Magharibi watu 593,678. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 893,169. Maana yake ni kwamba katika miaka 10 tu mkoa umeongezekewa na watu kiasi cha nusu ya wale waliokuwamo. Watu hao hawana budi kupata pa kulala, wala hatumlaumu mwananchi anayehangaika kutafuta kiwanja ili aistiri familia yake. Tunalolilaumu ni lile wazo kwamba kila ardhi isiyo na nyumba ni ardhi isiyo na kazi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa mwaka 1936 na kutengenezwa upya mwaka 2009, haikubaki pale ufukweni kwa bahati. Kadhalika Bustani ya Jamhuri na viwanja vya Mnazi Mmoja. Nafasi hizo zilitengwa kwa makusudi, zikajulikana mipaka yake, zikapata wa kuzitunza. Ni kweli kwamba katika zama za ukoloni starehe na michezo viligawanywa kwa misingi ya ukabila. Lakini leo Forodhani hukaa tajiri na maskini ukuta mmoja, na hilo ni jambo la kujivunia. Hata zilipojengwa nyumba za maendeleo Kikwajuni, Kilimani na Michenzani baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, watu walipandishwa juu kwa ghorofa, na chini ikabaki nafasi kati ya jumba na jumba. Wapangaji wa wakati ule walijua kwamba mtu hakai ndani ya nyumba tu, bali hukaa pia nje ya nyumba yake.

Vitongoji vipya havikupata mpango wa namna hiyo. Sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba ya minazi na miembe, na mengine ni katika zile ekari tatu tatu walizogaiwa wakulima baada ya Mapinduzi ili wazilime. Mji ulipoyafikia, yalikatwa vipande, kila kipande kikapata mnunuzi, na kwa kuwa mara nyingi hapakuwa na ramani, hapakuwa na aliyeacha nafasi ya watu wote. Kilichosalia ni viwanja vichache vya mpira, vishamba vya skuli na miembe iliyosahauliwa na shoka. Sasa hata hivyo vinanyemelewa.

Namna vinavyonyemelewa inafahamika kwa kila mkaazi. Kwanza huja kibanda cha biashara pembeni mwa uwanja, nacho husemwa kuwa ni cha muda. Baadaye hushushwa gari la mawe na mchanga. Siku ya tatu msingi umechimbwa, na vijana wanapouliza, huonyeshwa barua yenye mhuri. Barua hiyo imeandikwa na nani, na kwa idhini ya kikao gani? Mara nyingi hakuna katika mtaa anayeweza kujibu, kwa sababu hakuna katika mtaa aliyeulizwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 inasema kwamba ardhi ni mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Mtumishi anayeigawa nafasi ya watu wote kwa siri anaivunja dhamana hiyo, hata kama mhuri wake ni halali.

Tutazame makaburi. Katika vitongoji hivyo hivyo, ardhi ikiwa ghali kama ilivyo, ni nadra mtu kuthubutu kujenga juu ya makaburi. Si kwa sababu yana ukuta mrefu, kwani mengi hayana hata ua wa miti. Ni kwa sababu kila mtu anajua pale ni pa nani na ni kwa kazi gani. Ikiwa tumeweza kuwahifadhia waliotutangulia mahali pao, vipi tushindwe kuwahifadhia watoto walio hai?

Wala jambo hili si la starehe peke yake. Kisiwa cha Unguja hakina mto mkubwa wala ziwa la kutegemea. Maji tunayokunywa hutoka ardhini, katika visima na chemchem kama zile za Bububu na Mtoni. Mvua ya masika ikianguka penye udongo na miti huzama, ikawa akiba yetu ya kiangazi. Ikianguka juu ya mabati na saruji hutiririka barabarani na kuingia majumbani, kama wanavyojua vyema wakaazi wa Mwanakwerekwe. Hivyo kila uwanja unaojengwa hutupunguzia maji kisimani na kutuongezea maji mlangoni.

Tunaona fahari kwa Uwanja wa Amani, uliofunguliwa mwaka 1970 na kufanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2023. Lakini hakuna mchezaji aliyeanzia Amani. Huanzia kwenye vumbi la mtaa wake, na vumbi hilo likipigwa msingi, jukwaa zuri litabaki kuwatazama wageni.

Kwa hivyo tunatoa rai. Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Mabaraza ya Manispaa, izihesabu nafasi zote za wazi zilizobaki katika Wilaya za Magharibi, izipime, izitie mawe ya mipaka na kuziandikisha kwa jina la umma. Orodha yake ibandikwe katika ofisi ya kila sheha, mahali mwananchi atakapoisoma bila ya kuomba ruhusa. Nafasi yoyote isibadilishwe matumizi kabla ya mkutano wa wazi wa shehia. Mitaa mipya isipimwe bila ya kutengewa uwanja wake, na penye uhaba wa ardhi tujenge kwenda juu. Na kiongozi atakayethibitika kuuza kisicho chake asihamishiwe ofisi nyengine, bali ashitakiwe.

Nasi wananchi tuna wajibu wetu. Tupande mikungu na miembe, tuimwagilie, tusiufanye uwanja kuwa jaa la taka kisha tukashangaa ukionekana hauna mwenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la viwanja vyetu lifunguliwe sasa, wakati bado kuna cha kuandika.