Msimtafutie mgeni nyumba kabla hajafika

Mgeni akipata kazi Mbeya, awe anatoka Ujerumani, Zambia au Kenya, kabla hajapanda ndege kuna mtu ofisini ameshamchukulia nyumba mtaa wa Forest. Kodi imelipwa ya mwaka mzima. Geti la chuma, ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu, mlinzi, na majani ambayo mwenye nyumba hataki yakanyagwe. Uliza kwa nini Forest, utajibiwa kwamba wageni wote wanakaa huko.

Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja hapa Mbalizi, nje kidogo ya mji. Msomaji atasema mwamba ngoma huvutia kwake, na hatakosea sana. Lakini hata Forest nimepeleka wateja, nikala kodi yangu ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi ya kazi hii, na bado nasema utaratibu huu ni mbovu. Mtu mzima anachaguliwa mahali pa kulala, pa kununua nyanya na pa kupata jirani, na mtu ambaye hajawahi kumwona.

Desturi hii ni ya zamani. Mbeya ilikua miaka ya 1920 na 1930 kwa dhahabu ya Lupa, na Waingereza wakaigawa kama walivyogawa miji mingine ya Tanganyika: juu penye miti na hewa safi Uzunguni, kwenye maduka Uhindini, na Mwafrika akatafute pake kwenye viwanja vilivyobanana. Sheria za ubaguzi zilikufa zamani. Mazoea hayakufa, na siku hizi wanaoyaendeleza ni sisi wenyewe, kwa nia njema kabisa, tukidhani tunamheshimu mgeni. Wenzetu wa Iringa nao wana Gangilonga na Wilolesi, na madalali wa huko wananiambia wimbo ni uleule.

Tuseme habari ya barabara, maana ndiyo inayoamua mambo kuliko rangi ya geti. Ukitoka mjini kuja huku unafuata barabara kuu iendayo Tunduma: Nzovwe, Iyunga, Iwambi, halafu mteremko unaokushusha Mbalizi. Mteremko huo umeua watu wengi, na familia nyingi za huku zina mtu wa kumkumbuka pale. Malori ya mafuta na makontena ya Zambia na Kongo yanashuka kwa gia ndogo huku breki zikinuka hadi ndani ya Hiace. Likikwama moja upande wa kupanda, kila mtu anasubiri: mwanafunzi, bajaji yenye mama mjamzito, na bosi kwenye gari lake lenye kiyoyozi. Serikali imeamua kujenga njia nne kipande cha Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na kikikamilika chote huenda nikabadili maneno yangu. Kwa sasa, nauliza mteja swali moja kabla ya bei: kazi yako iko upande gani wa mteremko?

Kuna ambao kazi zao ziko mjini kweli. Anayefanya kazi Hospitali ya Rufaa au kituo cha utafiti wa magonjwa cha NIMR akae mjini, na nitamwambia hivyo hata nikikosa hela. Lakini Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012 ukachukua nafasi ya ule mdogo wa mjini, uko upande wetu. Kiwanda cha saruji cha Songwe kiko upande wetu. Hospitali ya Ifisi iko hapahapa. Barabara ya kwenda Mkwajuni kwenye dhahabu inaanzia Mbalizi, na ya kupanda Ilembo kwenye miradi ya viazi na pareto ya Umalila inaanzia Mbalizi pia. Watu wa kazi hizo wanawekwa Forest, halafu kila siku ya Mungu wanavuka mji mzima na mteremko juu yake.

Nilikuwa na mteja mmoja, mhandisi Mkenya, kazi yake huko Songwe. Ofisi yake ilimweka Forest na kumpa gari na dereva, ikaona imemaliza. Jamaa alikuwa anatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri ili awahi, na jioni anarudi giza limeshaingia. Aliniambia kwamba kwa mwaka mzima alichokijua Mbeya ni geti lake na taa za breki za lori lililo mbele. Jirani wa kulia hakumjua hata kwa sura, maana naye alikuwa anaishi nyuma ya geti. Mkataba wa nyumba ulipoisha akaniomba nimtafutie Ifisi. Siku hizi mchana anakuja nyumbani kula ugali wake, anapumzika kidogo, anarudi kazini. Kodi anayolipa haifiki nusu ya ile ya kwanza, ingawa bafu lake la sasa, nakiri, halina marumaru hadi juu.

Basi ukija kuangalia nyumba na mimi, sianzii sebuleni. Tunapitiliza uani kwenye bomba. Nalifungua mwenyewe na kusubiri. Likikohoa upepo, namuuliza mwenye nyumba maji yanatoka siku gani. Akijibu "yanatoka tu", naacha kumsikiliza, natazama simtanki. Nyumba ya watu wanne yenye simtanki la lita elfu tano inakwambia yenyewe mgawo wa maji ulivyo, kwa sababu hakuna mtu anayenunua simtanki kubwa hivyo kwa urembo. Halafu Luku: ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wa vyumba vya nyuma? Ugomvi mwingi wa wapangaji ninaoitwa kuusuluhisha unaanzia kwenye pasi ya mtu mmoja na friji ya mwingine.

Halafu nainama. Chini ya ukuta wa nje, karibu na msingi, tope jekundu linaacha mstari, na rangi mpya haiufichi vizuri. Mstari ukifika kwenye goti, ujue mvua zikikolea maji yanapita hapo. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na wageni wengi wanaletwa kuangalia nyumba wakati wa kiangazi, barabara ya mtaa ikiwa kavu na ngumu. Nyumba ya Agosti si nyumba ya Februari. Ukitaka kujua hali ya Februari muulize bodaboda, usimuulize dalali, wala mwenye nyumba.

La mwisho ninalomwambia mteja linawaudhi madalali wenzangu: rudi hapa saa mbili usiku bila mimi. Kaa kwenye kibanda cha chipsi, agiza, sikiliza. Utajua kama grosari ya jirani inapiga muziki hadi usiku wa manane, kama mashine ya kusaga iko nyuma ya dirisha la chumba chako, kama Ijumaa kuna mkesha wenye spika nne. Mkesha si ubaya, Mbeya bila makanisa si Mbeya. Ila mtu ajue kabla hajatoa kodi ya miezi sita. Na karibu na lami malori hayalali, hiyo naisema mapema.

Kuna suala la usalama, ambalo ndilo silaha kubwa ya watu wa Forest. Ukuta mrefu unamzuia mwizi kuona ndani, na unamzuia jirani pia. Daktari mmoja Mzambia, mama wa makamo, alipanga nyumba yenye ua wa michongoma tu, jambo lililomtisha sana bosi wake. Juma la kwanza nilimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji akaandikwa kwenye daftari, kama inavyotakiwa kwa mkazi yeyote. Haukupita muda, mtaani ukatokea msiba. Hakuna aliyemlazimisha. Alijifunga khanga, akaenda, akatoa mchango uleule waliotoa wenzake, akakaa mkekani na akina mama, na baadaye akaonekana anasuuza sahani. Miezi michache baadaye vijana wawili wasiofahamika walianza kuzunguka karibu na nyumba yake mchana. Kabla hajarudi kutoka kazini, mama anayeuza vitumbua pale kona alikuwa ameshawauliza wanatoka wapi na wanamtaka nani. Wakaondoka na hawakurudi.

Mbalizi inarahisisha mambo ya namna hiyo kwa sababu ni mji wa njia panda. Wasafwa ndio wenyeji, Wamalila wanashuka na viazi vyao, Wanyakyusa, Wandali na Wanyiha wamejaa, na dereva wa Kizambia anayesubiri spea anakunywa chai meza moja na wewe. Karibu kila mtu alikuja kutoka mahali fulani. Mgeni anatazamwa siku mbili tatu, kisha watu wanarudi kwenye shughuli zao. Akijua kusalimia "Mugonile" anapunguziwa bei ya ndizi, au angalau haongezewi.

Sisemi Mbalizi ni pepo. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye kabati. Umeme ukikatika mtaa mzima unajua, maana jenereta ni chache. Mwenye watoto wanaohitaji shule ya mtaala wa kwao atapata tabu, na kwa jambo hilo hata Mbeya mjini haina chaguo kubwa. Kahawa inalimwa Utengule, hapo juu tu, lakini mtaani utapewa chai ya maziwa. Anayetaka kahawa ya mashine atapanda mjini kila Jumamosi. Mbu wetu ni wengi kuliko wa mjini, kwa kuwa tuko chini zaidi na joto limezidi kidogo. Kwa upande mwingine, Juni na Julai mtu wa Forest anapolala na sweta, sisi blanketi moja linatosha.

Sasa niseme na wenye nyumba, ambao ndio wanaoniharibia kazi. Namleta mteja mweupe, bei ya jana inapanda mara mbili akiwa bado hajavua viatu. Mwingine anataka dola. Tangu Machi 2025 kuna kanuni zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo hilo si suala la maelewano tena, ni kosa. Mwingine hataki mkataba wa maandishi, anasema "sisi tunaaminiana". Nyumba ikipata mtu wa bei zaidi, uaminifu huo huisha siku hiyohiyo.

Na mgeni naye asidanganywe akinogewa. Kila mwaka hakosi mtu aliyependa mandhari ya milima akataka kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1999 iko wazi: asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake maalumu. Anayekushauri ununue kwa jina la mlinzi wako au mpishi wako anakuandalia kesi, na mwenye kiwanja siku ya mwisho atakuwa mlinzi. Kama mkazi wa kawaida mwenye kibali cha kazi, panga. Kupanga hakumshushii mtu hadhi. Mimi mwenyewe, dalali wa nyumba, nimepanga miaka mingi kabla ya kuinua vyumba vyangu vitatu.

Ombi langu liende kwa ofisi, hospitali, makanisa na miradi inayopokea wageni mkoani kwetu. Acheni kulipa kodi ya mwaka kabla mtu hajatua Songwe. Mwekeni kwenye nyumba ya wageni wiki mbili. Aende kazini na kurudi kwa njia yake ya kila siku, asubuhi na jioni. Mpeni mwenzake wa kazini, mwenyeji, amtembeze Forest, Iyunga, Iwambi, Mbalizi na Ifisi, afungue mabomba mwenyewe na aongee na majirani. Baada ya hapo achague, na akichagua Forest ni haki yake, nitampeleka. Gharama ya wiki mbili za nyumba ya wageni ni ndogo kuliko kodi ya mwaka mnayoilipia nyumba ambayo mtu anaitumia kulala tu. Hela yangu ya udalali nitaisubiri.