Kabla hujamwita mwanao mlafi

Kwa miaka mingi kliniki za watoto zimekuwa zikipambana na mtoto mwembamba, aliyedumaa, ambaye uzito hauongezeki. Septemba 2025 UNICEF ilitoa takwimu zilizobadili hesabu hiyo. Kwa mara ya kwanza duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi wenye uzito pungufu, asilimia 9.4 kwa 9.2. Mwaka 2000 wanene walikuwa asilimia 3 tu. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara bado hazijafika huko, ingawa ukipita getini mwa shule yoyote ya mjini saa ya mapumziko utaona tunakoelekea. Desemba mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu sindano za kundi la GLP-1, kama semaglutaidi, kwa ajili ya kutibu unene.

Tangu hapo maswali yenu yamekuwa ya aina mbili. Wazazi wanasema: "Daktari, huyu mtoto anakula, nusu saa baadaye analia njaa. Ni mlafi tu." Watu wazima wanauliza kama wanunue hizo sindano. Majibu ya wote yanaanzia kichwani.

Chini kabisa ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, si kubwa kuliko korosho. Humo kuna makundi mawili ya seli za neva yanayovutana usiku na mchana. Kundi moja linasema "tafuta chakula", jingine linasema "inatosha". Seli hizo hazisikii kelele za mama wala ushauri wangu, bali zinasikiliza homoni. Tumbo likiwa tupu hutoa ghrelini, inayoamsha njaa. Utumbo ukipokea chakula hutoa GLP-1, inayoituliza. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, ambayo kazi yake ni kuupa ubongo taarifa ya ghala: akiba ipo, au imepungua.

Leptini iligunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake jijini New York. Miaka mitatu baadaye madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini njaa yao haikuwa na mwisho. Vipimo vilionyesha kwamba jeni yao ya leptini ina hitilafu. Ghala limejaa, taarifa haifiki, na ubongo unaamini mtoto anakufa njaa. Msichana yule alianza kuchomwa sindano za leptini akiwa na miaka 9. Katika mwaka mmoja alipungua kilo 16, na hamu yake ya chakula ikashuka. Hakuna aliyemfundisha adabu ya mezani. Alipewa homoni iliyokosekana.

Hitilafu hiyo ni adimu sana. Wengi wetu tunarithi kitu kingine, yaani jeni nyingi ambazo kila moja inasukuma kidogo. Mfano ni FTO, iliyotambuliwa mwaka 2007: mtu mzima aliyerithi aina yake yenye kuongeza uzito kutoka kwa baba na kwa mama pia, kwa wastani huwa na kilo 3 zaidi ya asiyeirithi kabisa. Mwaka 1986 watafiti walichunguza watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kuasili. Unene wao ulifanana na wa wazazi waliowazaa, si wa wale waliowapikia na kuwalea.

Hapo utaniuliza: kama ni jeni, mbona wanene wameongezeka mara tatu tangu 2000? Jeni hazibadiliki kwa miaka 25. Kilichobadilika ni mezani na mtaani. Soda iko kila kibanda, juisi ya boksi imekuwa zawadi, chipsi zimekuwa chakula cha jioni, na mtoto anarudi kutoka shule kwa basi na kukaa mbele ya runinga. Mtoto mwenye hamu ndogo hupita katikati ya vitu hivyo asijali. Mwenye hamu kubwa ya kurithi hawezi, kwa sababu ubongo wake unaviona kwa sauti ya juu zaidi. Ndiyo maana ndugu wawili wa sahani moja wanaweza kuwa na miili tofauti, na ndiyo maana kumcheka yule mmoja mbele ya wageni hakumsaidii. Atajifunza kula kwa kujificha.

Sasa sindano. Dawa hizi zinaiga GLP-1 na kufika kwenye zile neva za ubongo, hivyo mtu hushiba mapema. Zinafanya kazi, sibishi. Lakini mwongozo wa WHO unahusu watu wazima, haumhusu mjamzito, na unazungumzia matibabu ya muda mrefu. Katika utafiti mmoja wa semaglutaidi, watu walioacha dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupunguza, ndani ya mwaka mmoja. Wanaojinyima chakula hupambana na mwili huohuo: watu waliopungua kwa lishe kali nchini Australia walipimwa mwaka mmoja baadaye, na homoni zao bado zilikuwa zinadai chakula. Kwa hiyo usinunue sindano ya mwezi mmoja kwa ajili ya harusi, wala ya kutumiwa kwa bodaboda na muuzaji usiyemjua. Juni 2024 WHO ilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia.

Kwa mtoto anayekua, mara nyingi lengo si kupunguza kilo bali uzito usiongezeke haraka wakati urefu unaongezeka. Badilini nyumba nzima, asitengewe sahani yake ya adhabu. Soda isiwekwe kwenye friji, maji yawe mezani, mboga na maharage viongezwe, ugali na wali vipimwe kwa kijiko cha kupakulia, tena wote mle hivyo, baba naye akiwemo. Alale mapema pia, kwani usingizi mchache huongeza njaa.

Mlete hospitali ukiona alianza kunenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5, anaamka usiku kutafuta chakula, au ni mnene lakini mfupi kuliko wenzake, kwani huenda kuna tatizo la homoni. Vilevile akikoroma sana, au akinywa maji na kukojoa kuliko kawaida. Tazama na shingo yake kwa nyuma. Weusi mnene kama mahameli, ambao akina mama wengi huusugua kwa dodoki wakidhani ni uchafu, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umeanza kushindwa kutumia insulini vizuri. Acha kusugua, mlete apimwe sukari, na uje na kadi yake ya kliniki ya tangu utotoni.