Kilo 7,000 za Chai kwa Ruhusa ya Kuandika

Mwaka 2018 Serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, na tangu hapo kuandika kukawa na bei. Mwenye blogu alitakiwa kulipa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 za ada ya mwaka. Aliyekaidi: faini isiyopungua milioni tano, au jela miezi isiyopungua 12, au vyote viwili.

Sisi wakulima wa chai wa Suma hesabu zetu ni za majani mabichi. Tuseme kilo inalipwa shilingi 300: mkulima achume kilo 7,000 ndipo aruhusiwe kuandika kwamba barabara ya kupeleka chai kiwandani imekatika! Tuliambiwa shabaha ni wazushi na wenye matusi. Basi nijibiwe: mzushi akishalipa milioni mbili, uzushi wake unageuka kuwa kweli?

Tangu Ndesanjo Macha aanzishe blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004, Watanzania walijifunza kwamba mtu anaweza kuchapisha Kiswahili chake bila kumpigia mhariri magoti. Juni 2018, kwa sababu ya kanuni hizo, hata jukwaa kubwa la mtandaoni la JamiiForums lilizima mitambo kwa muda. Mimi na blogu yangu ya bei za ndizi na habari za kata ningepona wapi? Niliifunga.

Tukahamia makundi ya WhatsApp. Humo tunaandika kuliko zamani, lakini tunaandika juu ya maji. Mwaka 2019 bibi mmoja alitutumia kwa sauti, kwa Kinyakyusa safi, habari za mashamba ya ukoo na mipaka yake, nani alimwachia nani na kwa nini. Dakika kumi na moja. Simu yangu iliharibika, wenzangu walishafuta ili kupata nafasi, naye bibi tumemzika. Mwanaanthropolojia Monica Wilson alichapisha Good Company, kitabu chake juu ya Wanyakyusa, mwaka 1951, na mpaka leo wasomi wanakirejea. Mgeni anasomwa baada ya miaka zaidi ya 70. Mwenye ardhi hakudumu hata miwili.

Najua kanuni zililegezwa mwaka 2022 na ada zikapunguzwa. Haitoshi. Mtu mmoja anayeandika habari za kijiji chake, hauzi tangazo wala hana ofisi, asidaiwe leseni wala senti. Iandikwe hivyo kwenye kanuni, waziwazi, nami jioni hiyohiyo nitaifungua blogu yangu. Nitaanza na mashamba yale, kwa kadiri ninavyokumbuka.