Ufunguo wa Wodi Uko kwa Nani?

Wajumbe wa Tume yetu walipoizuru hospitali moja, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa haina tofauti na nyingine nyingi, walipita katika wodi ya wazazi saa mbili usiku. Wodi ile ina milango miwili. Mlango wa mbele ulikuwa na mlinzi. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na kitanda kimewekwa mbele yake kwa sababu nafasi ni finyu. Madirisha yote yana nondo. Tulimwuliza mlinzi, kijana mwenye adabu, ufunguo wa mlango wa nyuma uko wapi. Akajibu kwamba unatunzwa na mhasibu. Je, mhasibu analala hapa? La, hurudi kwake mjini saa kumi na moja jioni.

Tukataka kujua kisa cha mhasibu kukabidhiwa ufunguo wa wodi. Kumbe mlango ulitiwa kufuli baada ya wazazi wawili kuondoka usiku na watoto wao bila kulipa. Nondo zilitangulia zamani, magodoro yalipoibwa. Usiku ule walikuwamo akina mama 38, wengine wamepasuliwa siku ileile, pamoja na watoto wachanga, muuguzi mmoja wa zamu na mhudumu mmoja.

Ndugu waamini na viongozi wa walei, tunaandika haya kwa sababu tumetambua kwamba ulinzi wa hospitali zetu umepangwa dhidi ya watu wawili tu: mwizi na mdaiwa. Moto haukufikiriwa. Tetemeko la ardhi halikufikiriwa, wala mafuriko, wala siku ambayo majeruhi mia moja watafika langoni kwa saa moja. Tena hatua zilezile zilizochukuliwa ili kumzuia mwizi na mdaiwa ndizo zitakazomwangamiza mgonjwa siku ya maafa.

Wala hatusemi jambo la kubuni. Mwezi Juni 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga wilayani Rombo, wasichana wapatao 40 waliteketea bwenini. Mwezi Machi 2001, huko Kyanguli nchini Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yake yametiwa vyuma. Hao walikuwa vijana wenye miguu mizima na mbio za ujana. Mama aliyepasuliwa tumbo mchana atakimbilia wapi? Mzee aliyefungiwa uzito mguuni atajifunguaje?

Alfajiri ya tarehe 9 Desemba 2011, hospitali moja ya watu wenye uwezo mjini Kolkata, India, ilishika moto. Moto ulianzia katika ghorofa la chini ya ardhi, mahali palipokusudiwa kuegeshea magari lakini pakageuzwa ghala. Moshi ukapanda hadi kwenye wodi za juu, nao watu wapatao 90 wakafa, wengi wao kwa kukosa hewa wakiwa vitandani. Wakazi wa mtaa wa maskini ulio jirani walisimulia baadaye kwamba wao waliuona moshi mapema, wakaenda langoni kutoa msaada, walinzi wakawarudisha. Baadaye wakaazi hao hao walishiriki kuwatoa wagonjwa. Tunaomba msomaji aitafakari picha hiyo kwa utulivu. Mlinzi aliyemfukuza jirani mwenye ndoo hakuwa mtu mwovu. Alifanya sawasawa na alivyofundishwa, yaani kwamba mtu wa nje ni hatari.

Nasi tusijidanganye kwamba nchi yetu imeepushwa. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba yalibomoka au kupata nyufa. Shule ya sekondari ya Ihungo, yenye majengo ya miaka mingi, iliharibika vibaya. Lakini ilikuwa mchana. Watu walikuwa macho, wengi wako nje, milango iko wazi. Kila tunapokumbuka siku ile hujiuliza kama tetemeko lile lingekuja saa nane usiku, ni wodi ngapi zingekuwa zimefungwa, na funguo zake ziko katika nyumba ya nani.

Hadi hapa tumesema juu ya kutoka. Kuna upande wa pili, nao ni wa kuingia, na huo kwa maoni yetu ni mgumu zaidi, kwa kuwa hauhitaji kufuli lifunguliwe tu bali unahitaji akili ya kupanga.

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Dar es Salaam walikufa watu 11. Nairobi walikufa zaidi ya 200, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu, wengi wakiwa wamekatwa na vioo usoni na machoni. Hawakungoja magari ya wagonjwa. Waliletwa na wapita njia kwa matatu, kwa magari ya mizigo, kwa teksi, kwa gari lolote lililopatikana. Ndivyo maafa yalivyo popote. Anayeweza kutembea hufika kwanza, hukaa kwenye benchi la kwanza, humshika daktari wa kwanza. Aliyeumia vibaya hufika baadaye, kwa sababu ilibidi achimbuliwe. Kama langoni hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuwatenga waliojeruhiwa vibaya na waliojeruhiwa kidogo, vitanda vitakwisha kabla yule wa kuokolewa hajafika.

Mtu huyo wa langoni anapaswa kuwa nani? Katika mipango michache tuliyoonyeshwa, langoni pameandikwa neno moja: mlinzi. Sisi tunasema pawe na muuguzi mzoefu au tabibu, na mlinzi awe msaidizi wake. Kazi ya kupima kwa jicho nani aingie chumba cha upasuaji na nani angoje chini ya mwembe haiwezi kuachiwa kijana wa kampuni ya ulinzi, ambaye mara nyingi hulipwa kidogo kuliko wote waliomo katika boma lile, na ambaye hata mahali pa bomba la maji ya kuzimia moto hajaonyeshwa.

Kisha kuna ndugu. Kwetu mtu haendi hospitali peke yake. Majeruhi mia huja na mama, shangazi, majirani na wanaukwaya wenzao, na saa mbili baadaye hospitali imezingirwa na watu elfu wanaolia na kuuliza majina. Agizo la kawaida ni kufunga lango. Lango likifungwa, watu huruka ukuta, na gari lenye majeruhi wengine haliwezi kupita. Dawa yake si rungu. Ndugu wapewe mahali pao, mbali na mlango wa majeruhi, penye kivuli, maji na mtu wa kuwasomea orodha ya majina kila baada ya muda mfupi, hata kama orodha haijabadilika. Hapa parokia haina kisingizio. Ukumbi wa parokia huwa wazi kwa harusi na semina, basi na uandikwe katika mpango wa hospitali kuwa mahali pa ndugu. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuweka tayari majina ya wenye magari na ya wanaokubali kuitwa kutoa damu. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Msamvu, Morogoro. Waliokufa walizidi 100, baadhi yao baada ya siku kadhaa za matibabu, na majeruhi wengi walihamishiwa Muhimbili, safari ya kilomita zipatazo 190. Maafa ya namna hiyo hayaishi jioni. Familia hulala nje ya hospitali majuma kadhaa, na anayewalisha ni nani?

Juu ya umeme na maji tutasema machache, kwa kuwa wahandisi wanajua kuliko sisi. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans nchini Marekani, hospitali zilizingirwa na maji na jenereta zikazimika, na wagonjwa waliotegemea mashine walikufa katika nchi tajiri kuliko zote. Mwezi Machi 2019, kimbunga Idai kiling'oa sehemu za paa la Hospitali Kuu ya Beira, Msumbiji, saa zilezile ambazo mji uliihitaji. Inatosha kuuliza kama jenereta yetu iko bondeni au mwinukoni, na kama tangi lake lina mafuta leo.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba wizi ni wa kweli, dawa huibwa, watoto wachanga wamewahi kuibwa. Ni kweli, na hatutaki wodi zisizo na mlinzi. Lakini mlango unaofungwa kwa nje na kufunguka kwa ndani kwa komeo si uvumbuzi mpya, na fundi wa mtaani anauweza. Tutaambiwa pia kwamba madeni yanaiua hospitali. Hilo nalo ni kweli. Hata hivyo mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kuwazuilia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya umma kwa sababu ya deni kulivunja haki zao za kikatiba. Deni lina njia zake za kudaiwa. Mwili wa mama si rehani, tena rehani iliyowekwa mahali panapoweza kuungua.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji. Wengi wenu mnaosoma waraka huu mmo katika kamati hizo, au katika bodi za hospitali na kamati za vituo vya afya. Kikao kijacho ombeni mpango wa dharura uletwe mezani. Ukiletwa, ulizeni lini mara ya mwisho ulifanyiwa majaribio, na kama ni usiku. Ulizeni kama muuguzi wa zamu amewahi kufundishwa kumvuta mgonjwa sakafuni kwa blanketi, maana peke yake hawezi kumbeba. Ulizeni kama mlinzi aliitwa kwenye mafunzo. Kisha tembeeni wenyewe wodini na kujaribu kila mlango.

Tuliiandikia bodi ya hospitali ile tuliyoanza nayo. Baada ya miezi miwili tulirudi. Ufunguo sasa unaning'inia kwenye msumari juu ya meza ya muuguzi wa zamu, umefungwa utepe mwekundu, na mlinzi alituonyesha kwa furaha. Kitanda kingali mbele ya mlango.